Kabla turubai halijafungwa: Arifa za mtandaoni zinavyoweza kuokoa mzigo mpakani

IJUMAA ya Machi 5, 2021, barua moja iliyoandikwa Nairobi ilivuruga hesabu za watu wengi ambao hawakutajwa ndani yake. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya (AFA) iliitaka idara ya forodha isimamishe mara moja uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Sababu iliyotolewa ni kwamba mahindi hayo yalikutwa na sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa cha sehemu 10 katika kila bilioni.

Malori yalikuwa yameshapakia, mengine yakiwa njiani. Mahindi yaliyokwisha kununuliwa, kupimwa na kulipiwa usafiri yalifika mpakani na kukuta mlango umefungwa.

Jumatano iliyofuata, Machi 10, Kenya iliondoa zuio hilo kwa masharti. Waagizaji walitakiwa kusajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango chake cha sumukuvu, na ijulikane ghala utakakohifadhiwa.

Katika siku hizo tano mfanyabiashara angeweza kupoteza fedha kwa njia tatu. Angeweza kupakia bila kujua kuwa kuna zuio. Angeweza kusikia habari ya zuio, akaogopa na kuuza mzigo kwa bei ya kutupa siku mbili kabla mpaka haujafunguliwa. Au angesikia kuwa mpaka umefunguliwa, akakimbilia huko bila cheti kilichokuwa sharti jipya.

Makosa yote matatu yana mzizi mmoja: habari sahihi ilikuwapo, lakini haikumfikia mtu sahihi kwa wakati. Pengo hilo ndilo ambalo baadhi ya vikundi vya biashara sasa vinaweza kuliziba kwa kuunganisha vitu viwili vinavyopatikana kwenye simu, yaani arifa za utafutaji mtandaoni na programu ya mazungumzo ya kikundi. Kazi yenyewe si ngumu, ila ina mitego ambayo anayetaka kuianza ni vyema aijue mapema.

Mlinzi, tarishi na baraza

Chukua mfano wa kikosi cha watu watano. Mmoja ananunua mahindi soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma. Wa pili ni dereva. Wa tatu ni wakala wa forodha Namanga. Wa nne anapokea mzigo Nairobi, na wa tano ndiye mwenye mtaji, anayekaa Arusha. Hawa hawaonani kwa wiki nzima, lakini kila mmoja anaweza kuharibu au kuokoa fedha za wenzake.

Kwa kawaida wanategemea kundi la WhatsApp. Habari huingia humo kwa bahati: mmoja ameona picha ya barua kwenye kundi lingine, akaisambaza bila kuangalia tarehe. Juu yake kuna salamu za asubuhi, chini yake kuna mchango wa harusi. Mnunuzi aliyeko gulioni anaiona saa nane baadaye.

Mfumo wa arifa una sehemu tatu. Ya kwanza ni mlinzi: huduma inayotafuta maneno uliyoiagiza, na kila inapokuta jambo jipya inatoa taarifa. Ya pili ni tarishi: kiunganishi kinachoichukua taarifa hiyo na kuipeleka. Ya tatu ni baraza: chumba cha mazungumzo ambamo wanakikosi wote wanaiona taarifa ileile kwa wakati mmoja na kuijadili papo hapo.

Mlinzi anayejulikana zaidi ni Google Alerts, huduma ya bure iliyoanza mwaka 2003. Mtumiaji anaandika maneno anayotaka yafuatiliwe, kisha anachagua kama apate taarifa kila zinapotokea, mara moja kwa siku au mara moja kwa wiki. Anachagua pia lugha na eneo. Mwishoni anaamua taarifa zimfikie kwa barua pepe au kwa mlisho wa RSS, yaani anuani maalumu ambayo programu nyingine inaweza kuisoma yenyewe.

Hapo ndipo tarishi anapoingia. Slack, programu ya mazungumzo ya kazini, ina kiunganishi cha RSS: ukikipa anuani ya mlisho, kila taarifa mpya inaangukia kwenye chaneli uliyoichagua. Telegram nayo tangu mwaka 2015 inaruhusu roboti ndani ya makundi na chaneli, na zipo roboti za kusoma milisho ya RSS. Huduma za kati kama IFTTT na Zapier zinafanya kazi hiyohiyo ya kuunganisha bomba la programu moja na jingine, bila mtumiaji kuandika programu ya kompyuta.

Kwa kikosi kidogo, Google Alerts na Telegram vinatosha kuanzia na havina ada. Slack pia ina mpango wa bure, ila mpango huo unaonyesha mazungumzo ya siku 90 tu zilizopita. Kwa hiyo tangazo lolote linaloweza kuhitajika baadaye kama ushahidi linapaswa kuhifadhiwa kwenye simu au kuchapwa.

Mlango uliobanwa mwaka 2023

Wanaokumbuka enzi za Twitter watauliza: kwa nini mlinzi asiwekwe moja kwa moja kwenye mitandao ya kijamii, ambako mawaziri na mamlaka hutangaza mambo yao kwanza?

Zamani ilikuwa rahisi. Mtu aliweka neno la kutafutwa Twitter, akaliunganisha na chumba cha mazungumzo bila kulipa. Februari 2023 kampuni hiyo ilitangaza kufunga mlango wa bure ambao programu nyingine zilikuwa zikiutumia kusoma ujumbe. Kifurushi cha chini cha kulipia kilianza kwa dola 100 za Marekani kwa mwezi. Julai mwaka huohuo mtandao ukabadilishwa jina na kuwa X.

Upande wa Facebook hali haikuwa tofauti. CrowdTangle, chombo ambacho vyumba vya habari vilikitumia kufuatilia kurasa za umma za Facebook na Instagram, kilifungwa Agosti 14, 2024.

Kampuni kubwa za usafirishaji zinaweza kulipia huduma za ufuatiliaji. Kikosi cha watu watano hakina sababu ya kufanya hivyo. Kwao njia iliyobaki ni kugawana kazi. Google Alerts ifuatilie magazeti na tovuti za mamlaka, na mtu mmoja awashe kengele kwenye akaunti rasmi chache za mitandao ya kijamii ili simu yake imwamshe kila zinapoandika. Anachokiona anakituma barazani pamoja na kiungo chake.

Ieleweke pia kwamba Google Alerts haioni kila kitu. Inatoa taarifa baada ya Google kuufikia ukurasa husika, na picha ya barua iliyowekwa Facebook inaweza isionekane kabisa. Ni mbwa mzuri wa ulinzi, lakini halindi pande zote za boma.

WhatsApp nayo ina tabia yake. Makundi ya kawaida hayakutengenezwa kupokea roboti, na anayetumia programu zisizo rasmi kulazimisha jambo hilo anahatarisha akaunti yake kufungiwa. Kwa mfanyabiashara ambaye namba yake ndiyo duka lake, hiyo si hatari ya kuchezea. Mpango unaofaa ni kuwa na chumba kidogo cha arifa Telegram au Slack, chenye watu wawili au watatu wanaochuja. Kilichothibitishwa ndicho kinachopelekwa kwenye kundi la WhatsApp ambako wengine wamezoea kukaa.

Mpaka mmoja, majina mawili

Arifa huharibika kwa maneno mabaya kuliko kwa mtambo mbaya. Anayeweka neno "mahindi" peke yake ataletewa mapishi, hotuba na mashindano ya wakulima. Baada ya siku tatu atazima kengele, na siku ya nne ndipo zuio litatangazwa.

Neno la kutafutwa linapaswa kuunganisha bidhaa, mahali na tukio. Alama za kunukuu hulazimisha maneno yatafutwe yakiwa pamoja kama yalivyoandikwa. Alama ya kutoa ikibandikwa mbele ya neno huliondoa neno hilo kwenye matokeo. Busia ni mfano mzuri: ni kituo cha mpakani, lakini pia ni jina la kaunti Kenya na la wilaya Uganda. Anayelitafuta bila kulifunga ataletewa siasa za ugavana na mechi za mpira.

Kuna mtego mwingine ambao wageni wa mipaka hawaujui. Namanga, Malaba na Mutukula vinaitwa hivyohivyo pande zote mbili, lakini vituo vingine vina majina mawili. Sirari ya Tanzania ni Isebania upande wa Kenya. Holili inatazamana na Taveta, na Horohoro na Lungalunga. Tunduma ikivukwa unaingia Nakonde, Zambia. Kabanga ya Tanzania inapakana na Kobero ya Burundi. Hata Katuna ya Uganda ikifika Rwanda inakuwa Gatuna. Arifa yenye jina moja tu inasikiliza kwa sikio moja, kwa kuwa tangazo la upande wa pili litaandikwa kwa jina la upande huo.

Lugha nayo ihesabiwe. Matangazo mengi ya Kenya na Uganda hutoka kwa Kiingereza, ya Tanzania kwa Kiswahili na Kiingereza, na ya Burundi na Kongo mara nyingi kwa Kifaransa. Mfanyabiashara wa mahindi anahitaji arifa ya "mahindi" na nyingine ya "maize", na anayepeleka bidhaa Goma au Bujumbura aongeze "frontière". Arifa sita zilizochaguliwa vizuri zinatosha. Thelathini ni kelele.

Kuhusu akaunti za kuwashiwa kengele, orodha fupi inaanza na mamlaka za mapato za nchi mbili anazofanyia kazi, ziwe TRA, KRA, URA, RRA au OBR. Zifuate taasisi za viwango kama TBS, KEBS na UNBS, kisha za afya ya mimea kama TPHPA ya Tanzania na KEPHIS ya Kenya. Wizara za kilimo na biashara na Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, zisisahaulike.

Tahadhari moja: alama ya bluu kwenye X inaweza kununuliwa na yeyote. Taasisi za serikali hupewa alama ya kijivu. Bluu peke yake si ushahidi kuwa anayezungumza ni serikali.

Siku sita za onyo

Faida ya arifa ilionekana wazi kwenye mgogoro wa Aprili 2025 kati ya Tanzania na nchi mbili za kusini. Malawi ilikuwa imezuia bidhaa kadhaa za kilimo kutoka Tanzania, na Afrika Kusini kwa miaka ilikuwa haipokei ndizi zake. Aprili 17, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Tanzania, Hussein Bashe, alitoa onyo kwamba nchi hizo zisipobadili msimamo hadi Jumatano iliyofuata, Tanzania nayo ingefunga mlango. Aprili 23 zuio la mazao kutoka nchi hizo mbili likatangazwa. Siku chache baadaye, baada ya mazungumzo, likaondolewa.

Aliyeshtuka Aprili 23 alishtukia tukio. Aliyepata arifa ya onyo la Aprili 17 alikuwa na siku sita za kuvusha mzigo uliokuwa tayari, kusimamisha manunuzi mapya au kumpigia mteja wa upande wa pili kumweleza hali ilivyo. Mara nyingi matangazo makubwa hutanguliwa na dalili: hotuba bungeni, barua ya malalamiko, waziri kuhojiwa. Mlinzi mzuri huwekewa maneno ya dalili, si ya tukio peke yake.

Arifa haileti habari mbaya tu. Mpaka wa Gatuna, uliofungwa Februari 2019 wakati uhusiano wa Rwanda na Uganda ulipoharibika, ulifunguliwa Januari 31, 2022. Rwanda ilitangaza uamuzi huo Januari 28. Siku tatu hizo zilimtosha mtu aliyeipata habari mapema kutafuta gari, kuulizia masharti ya afya ya wakati ule na kuwakumbusha wateja wake wa zamani kuwa bado yupo.

Arifa si amri

Kosa kubwa linaloweza kufanywa na kikosi chenye arifa ni kuigeuza kila taarifa kuwa uamuzi. Barua ya Machi 5, 2021 ilikuwa ya kweli. Aliyeipokea Machi 12 alipokea barua ya kweli ambayo haikuwa na nguvu tena. Picha ikishaingia kwenye makundi haina namna ya kujifuta.

Kwa hiyo kila arifa inayohusu zuio, ada au cheti ipitie maswali manne kabla haijapelekwa kwa wote. Imeandikwa tarehe gani? Imetoka kwa nani, na je, ipo kwenye tovuti au akaunti yake rasmi? Inahusu bidhaa gani hasa na njia ipi? Imeshabadilishwa au kufutwa? Swali la tano anaulizwa wakala aliyeko mpakani, kwa simu: maofisa wanaitekelezaje leo? Mara nyingine tangazo linatoka asubuhi na maelekezo yanafika dirishani kesho yake, na mara nyingine dirisha hufungwa kabla tangazo halijaonekana popote.

Katika kikosi, kazi hiyo lazima iwe na mwenyewe. Kengele ya watu wote huwa si ya mtu yeyote, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaangalia. Zamu ya wiki, yenye jina la mtu na la msaidizi wake, inatosha. Mwenye zamu anajibu chini ya kila arifa kwa neno moja kati ya matatu: imethibitishwa, bado, au si kweli.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, na zote zilitungwa zikiwa na vifungu vya kuadhibu usambazaji wa taarifa za uongo. Anayesambaza barua bandia ya kufungwa kwa mpaka kwa lengo la kushusha bei shambani anaweza kujikuta na kesi juu ya hasara.

Mtandao ukizimwa

Kikosi cha nchi mbili kina tatizo ambalo kikosi cha nchi moja hakina: programu inayofanya kazi upande huu inaweza isifanye kazi upande ule. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu. X ilizuiwa Tanzania Mei 2025. Novemba 2024, wakati wa mitihani ya taifa ya Kenya, Telegram ilizuiwa kwa agizo la mamlaka ya mawasiliano ili kudhibiti wizi wa mitihani, na wafanyabiashara wasio na mtoto hata mmoja kwenye mtihani walikosa makundi yao. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti nzima ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa.

Wapo wanaokimbilia VPN. Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili kwa TCRA kufikia mwisho wa Oktoba 2023, na mwenye biashara halali hana sababu ya kujitia matatani kwa jambo hilo. Dawa ya kawaida ni kuwa na njia mbili za intaneti na moja isiyohitaji intaneti kabisa. Arifa ziende Telegram na pia kwenye barua pepe. Namba za wote ziandikwe kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Mwenye zamu ajue kuwa intaneti ikikatika, ujumbe mfupi wa kawaida unatumwa kila jioni hata kama hakuna jipya.

Asiye na simu janja

Mwanamke anayevuka Busia au Gisenyi kwa miguu na kapu la nyanya anaguswa na tangazo lilelile linalomgusa mwenye malori. Akizuiwa, mzigo wake huoza siku hiyohiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imemrahisishia kwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, lakini nafuu hiyo haina kazi kama hajui ipo, au kama mtu kamdanganya kuwa imefutwa. Taarifa zisipomfikia ataambiwa na dalali, na dalali atamwambia kile kinachomfaa dalali.

Kwa sababu hiyo arifa zina maana zaidi zikiwekwa na chama cha soko kuliko na mtu mmoja. Simu moja ya chama, mwenye zamu mmoja, na ubao wenye chaki mlangoni mwa soko vinaweza kuhudumia watu ambao hawatafungua Slack maishani mwao. Zipo pia huduma zinazotumia simu ya kawaida. Sauti East Africa, kwa mfano, inawapa wafanyabiashara wadogo wa mipakani bei za masoko, viwango vya kubadili fedha na taratibu za kuvuka bila kuhitaji simu janja. Na anayekutana na kikwazo kisicho cha kiforodha anaweza kukiripoti kwenye mfumo wa pamoja wa EAC, COMESA na SADC, tradebarriers.org, ambao nao unafaa kufuatiliwa: malalamiko ya mwenzako wa leo ni onyo lako la kesho.

Hakuna arifa inayoweza kugonga muhuri. Mwenye neno la mwisho atabaki kuwa ofisa aliye dirishani na karatasi iliyo mkononi mwa dereva. Lakini kati ya ghala na dirisha hilo kuna saa nyingi za barabarani, na kabla yake kuna dakika chache ambazo wapakiaji wanamalizia gunia la mwisho. Kikosi kilichojipanga hutumia dakika hizo kufungua baraza lake, kusoma arifa za siku tatu, kumuuliza mwenye zamu na kumpigia wakala. Ikiwa wote wamejibu kuwa njia iko wazi, turubai linafungwa na lori linaondoka. Ikiwa mmoja amejibu "bado", mahindi yakilala ghalani usiku mmoja gharama yake ni ndogo kuliko yakilala wiki nzima Namanga.